Baba Mkwe Alianguka Mara Sita

Dresa, msaidizi wa daktari pale wodini, alisema mara tatu. Mimi nikasema nne. Tulikuwa tumesimama mlangoni pa wodi ya wanaume, jua la saa saba likituchoma, kikapu cha chakula kikiwa bado kichwani mwangu, tukibishana juu ya maanguko ya baba mkwe wangu kama watu wanaobishana bei ya mkungu.

"Ya leo haihesabiki," dresa akasema. "Alishika chuma cha kitanda. Aliteremka pole pole."

"Makalio yalifika sakafuni?"

"Yalifika."

"Basi amefika. Makalio yake hayakuja na mtu mwingine."

Alikuwa kijana kutoka upande wa ziwa, mpole, kalamu ya risasi ikikaa sikioni siku zote. Hakutaka kucheka, akacheka, akaandika nne. Nilijiona mshindi. Baadaye nilijuta, kwa sababu ile nne ndiyo iliyomtisha daktari. Mtu mwerevu hushinda hesabu ambayo ingemfaa kushindwa, na mimi miaka ile nilikuwa mwerevu sana.

Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha miaka michache tu. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai upande wa Kericho, na mimi nilikuwa nimepanga chumba mjini Kisii, nauza ndizi mbivu sokoni. Watu wa kwetu Nyamira walisema mke wa mtu hakai mjini peke yake. Nilikubaliana nao kila nilipokwenda nyumbani, kisha narudi mjini. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kiislamu, mtu wa makamo, ambaye marehemu mumewe alikuja na biashara ya nguo akafia hapo hapo. Kiswahili hiki ninachoandika nilianzia kukipata jikoni kwake, nikimenya vitunguu.

Baba mkwe aliumia nyumbani. Alipanda juu ya ghala la wimbi kurekebisha paa, mguu ukateleza, akaangukia jiwe la kusagia. Kichwa kikabonyea upande wa kushoto juu ya sikio. Walimpeleka kwanza kwa fundi wa kichwa, kwa maana kwetu mafundi hao wapo tangu zamani. Hufungua ngozi, hukwangua mfupa pole pole, hutoa vipande vilivyovunjika. Huyu wetu alifanya kazi safi. Daktari wa hospitali alipoona kovu lile alilitazama mara mbili, akauliza nani ameshona, na kila mtu aliyekuwa pale akatazama miguu yake. Hakuna aliyemjua fundi. Jambo hilo serikali haikulipenda, na sisi hatukupenda maswali.

Lakini mguu na mkono wa kulia vilikuwa vimelegea, na mara nyingine alitikiswa na kifafa. Ndiyo maana mume wangu na nduguze walimbeba hadi barabarani Keroka, wakamtia kwenye lori, wakamleta hospitalini ajifunze kutembea upya. Mume wangu akarudi kazini. Mama mkwe alikuwa nyumbani na miguu iliyovimba. Aliyebaki mjini ni mimi.

Daktari alinieleza, dresa akitafsiri. Alisema pale penye kovu hakuna mfupa tena, ni ngozi tu, na chini ya ngozi ni ubongo wenyewe. Akanionyesha kwa yai la kuchemsha lililokuwa kwenye sahani yake ya chai. Alilipasua ganda kidogo, akabonyeza ule utando kwa kidole. Akianguka akapigia hapo, alisema, hatuna la kufanya. Asisimame bila mtu kumshika upande wa kulia. Mpaka leo sipendi kumenyewa yai na mtu mwingine.

Nje ya wodi walikuwa wamechimbia mianzi miwili, imelala sambamba kimo cha kiuno, na kila asubuhi dresa alimtoa wakatembea kati yake, huku na huku. Pale hakuanguka hata mara moja. Alianguka ndani, kando ya kitanda, asipokuwa na mtu. Daktari alisema ni ugonjwa wa kichwa: mtu wa namna hiyo husahau kwamba mguu haufanyi kazi, huinuka kama alivyozoea. Na kweli alikuwa na usahaulifu. Alisahau mwezi. Kijiko alikiita jembe, akakasirika ukimwuliza jembe la nini. Basi sote tukaamini anasahau mguu.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho msomaji wa kwetu anakijua, wa mbali hakijui. Mkamwana na baba mkwe, kwetu, wana haya baina yao. Tunaiita chinsoni. Simgusi, hanigusi. Siingii anapolala. Kitanda chake sikitazami, ikitokea nikakiona nageuza uso. Sisemi naye kwa kelele wala kwa mzaha. Hata njiani tukikutana napisha, naye anapisha, mpaka njia inabaki haina mtu.

Sasa mtu huyu alikuwa amelazwa, kitanda chake kimepangwa na vingine kumi na tisa, na mimi ndiye wa kumletea chakula. Nilivyofanya, nilijivunia. Nilisimama mlangoni, nikageukia pembeni, nikamwamkia kwa sauti ya chini, nikaweka kikapu kizingitini. Dresa alikichukua akampelekea. Niliuliza habari, akajibu, nikangoja vyombo. Sikuvuka kizingiti hata mara moja. Nilimwambia mwenye nyumba wangu kwamba hata mama mkwe angekuwepo asingenipata na kosa. Akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, wewe unajisifu kama muuza maziwa." Nikadhani ananionea wivu.

Baada ya ile nne, daktari alitoa amri. Yeye alikuwa anakwenda kutembelea zahanati za mbali, atarudi Jumanne. Akikuta mzee bado anaanguka, atafungwa kitandani kwa mikanda ya turubai, kifuani na mapajani, mpaka apone au ashindwe. Dresa alinieleza hayo kwa upole, akanionyesha mikanda yenyewe imekunjwa kabatini.

Kwetu anayefungwa ni ng'ombe wa kuchinjwa na mwendawazimu. Nilimjua mzee yule. Angefungwa, angegeuza uso ukutani na kuacha kula, na ingekuwa kazi ya siku chache. Na nani angemwambia mume wangu? Mimi. Ningekuwa yule mke aliyekaa mjini, akapewa baba wa watu amwangalie, akamrudisha amefungwa.

Nikafanya anavyofanya kila mwerevu: nikaongeza bidii. Nilijiambia mzee anainuka kwa njaa. Anangoja chakula mpaka saa saba, tumbo linamsumbua, anaamka kutafuta. Basi Ijumaa nilikwenda mara mbili. Asubuhi na mapema nilimpelekea uji wa wimbi, kabla dresa hajamaliza kugawa dawa. Nikaamkia mlangoni, uso pembeni. Nikasikia chuma kikilia, kisha kishindo.

Nikaondoka, nikarudi mchana na ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu tunayowapa wagonjwa na wanawake waliojifungua, nimeichemsha na maziwa mpaka uchungu umekwisha. Nikaamkia. Kishindo.

Tano na sita, siku moja. Ya sita alipigia bega, kichwa kikakosa ukingo wa kitanda cha jirani kwa upana wa kiganja. Dresa alitoka ametoa jasho, akanishika mkono akanipeleka pembeni ya jengo.

"Mama, mzee yako nafunga leo."

"Leo hapana. Ijumaa ijayo."

"Daktari anarudi Jumanne."

"Basi Alhamisi."

"Nimekwambia anarudi Jumanne!"

"Kwa hiyo tumekubaliana Jumanne," nikasema, nikachukua kikapu.

Alibaki amefungua mdomo. Ndivyo nilivyozoea kununua ndizi za watu, na sioni aibu. Lakini nilikuwa nimenunua siku nne na sikuwa na kitu cha kufanya nazo.

Nilikuwa na kamba ya mgomba. Mikungu niliyopokea kutoka Ikonge na Ekerenyo niliihesabu kwa mafundo, na tangu mzee alazwe nilikuwa na kamba ya pili, ya maanguko yake: siku ni fundo dogo, anguko ni fundo kubwa. Nilikaa nyuma ya ndizi zangu nikaihesabu. Siku kumi na saba, mafundo makubwa sita. Nikahesabu tena, kwa maana hesabu ya kwanza ni ya macho tu.

Mara ya pili nilijiuliza saa. Alianguka mara ya kwanza saa saba mchana. Ya pili ilikuwa Sabato, yaani Jumamosi, siku yetu ya kanisa. Hiyo ilikuwa alasiri, kwa sababu Sabato nilikwenda kanisani kwanza ndipo nikaenda hospitali. Ya tatu saa saba. Kisha siku mbili ambazo hazikuwa na kitu, mimi nikiwa Ikonge kuchukua mzigo. Niliporudi, ya nne, saa saba. Na leo, moja asubuhi na mapema, moja saa saba.

Mteja mmoja alikuwa amesimama mbele yangu ameshika kichana cha ndizi. Aliniuliza bei mara tatu. Nadhani nilimwambia achukue.

Jua halikuwa linamwangusha, wala njaa. Saa zote zile zilikuwa saa zangu. Kulikuwa na siku nilizokwenda asianguke, nazo nikazipitia moja moja kwa kidole: siku hii dresa alikuwa anambadilisha shuka, alikuwa amemshika. Siku hii, na hii, na hii, nilimkuta nje amekaa benchi karibu na mianzi. Siku alizokuwa kitandani peke yake nikafika nikaamkia, ndizo siku za fundo kubwa. Zote.

Nilikuwa nimeshika haya yangu kwa mikono miwili, nikasahau kwamba naye ana ya kwake. Mimi sikupaswa kukiona kitanda chake. Na yeye hakupaswa kuonwa na mimi kitandani. Nilipogeuza uso mlangoni nilidhani nimemaliza kazi. Yeye, akisikia sauti ya mke wa mwanawe, alikuwa akifanya ambacho mwanamume yeyote wa heshima angefanya: anainuka aondoke kitandani. Kichwa kile kilichosahau mwezi hakikusahau mkamwana. Kila heshima niliyompa ilimtupa chini.

Nilimweleza mwenye nyumba jioni ile. Nilitegemea ataniliwaza.

"Basi usiende," akasema. "Ni shida gani? Kesho chakula nitapeleka mimi. Mimi si mkwe wa mtu pale."

Kesho yake ilikuwa Sabato. Akavaa buibui lake, akachukua kikapu, akaenda. Mimi nikakaa kanisani nisisikie neno moja la mhubiri. Aliporudi nilikimbilia kikapu. Chakula kilikuwa kama nilivyokipakua. Mzee hakuinuka, alisema, hakuanguka, alikuwa amelala vizuri kama bwana harusi. Ila alimtazama yeye, akatazama kikapu, akauliza ni nani amekufa.

"Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akasema, basi mkamwana wangu yuko wapi? Nikamwambia ana kazi. Akasema, kazi siku ya Sabato? Sasa mwanangu, mimi ningejibu nini? Nyinyi na dini zenu."

Jumapili akaenda tena. Safari hii alirudi haraka. Mzee hakuonja kitu, na alikuwa amemwambia dresa amletee fimbo na blanketi lake, anakwenda nyumbani kuzika. Kuzika nani, hakuna aliyemwambia, lakini alikuwa na hakika ni mwanawe, mume wangu. Kwa nini tena mkewe ajifiche? Dresa alikuwa amesimama kando ya kitanda hawezi kuondoka, kwa sababu kila akigeuka mzee anateremsha mguu.

Kwa hiyo nikienda anaanguka, nisipoenda anaondoka. Na Jumanne ilikuwa keshokutwa.

Nilikwenda mwenyewe, nikapita nyuma ya jengo nisionekane, nikamwita dresa dirishani kwa kidole. Nikamweleza jambo lote, na kamba nikamwonyesha. Alisikiliza akiwa amekunja uso. Nilitegemea atacheka, maana ndivyo walivyofanya watu wengi wa nje tukiwaeleza mambo yetu. Hakucheka. Alisema kwao pia mtu haketi kiti kimoja na mama mkwe. Kisha akasema hospitali ina taratibu zake na siyo zetu: saa saba ni saa ya wagonjwa kupumzika, yuko peke yake na watu ishirini, hawezi kumtoa mmoja nje kwa sababu mgeni wake anakuja.

"Atainuka," nikasema. "Hilo tumeshalishindwa wewe na mimi. Mimi naomba tu uwepo akiinuka."

Akaitoa kalamu sikioni, akairudisha.

"Kiti kile chenye mikono, kilichoko kwa karani," nikaendelea. "Kiwekwe barazani. Mimi nitasimama getini nikuite wewe, siyo yeye. Sitaingia mpaka umemkalisha. Mtu aliyekaa kitini barazani ni mtu aliye kwake anapokea mgeni. Hana sababu ya kuinuka."

"Kiti cha karani hapana."

"Benchi basi."

"Benchi haina mikono, atapinduka."

"Ndiyo nikasema kiti."

Alitazama upande wa kwa karani. Aliuliza kama kule sokoni wanajua kwamba wakinipa kidole nachukua mkono. Nikamwambia wanajua, ndiyo maana hawanipi kidole. Tukakubaliana: hatua za kutoka kitandani hadi barazani zitakuwa ndizo mazoezi yake ya mchana, na katika daftari itaandikwa mazoezi. Yeye akaweka sharti lake moja: nikiita naye yuko mbali na mgonjwa mwingine, ningoje; nisiite mara ya pili; na mzee akiinuka peke yake hata mara moja, mikanda siku hiyo hiyo. Sikubishana naye. Lilikuwa sharti la haki, na mtu akikupa bei ya haki usimharibie siku.

Jumatatu nilisimama getini, nikaita jina la kazi yake, "Dresa!", nikageukia barabara. Kwanza kimya. Kisha nikasikia fimbo. Fimbo, mguu, mguu unaoburutwa. Fimbo, mguu, mguu unaoburutwa. Nilihesabu hatua ishirini na mbili. Halafu kiti kikalia chini ya uzito, na dresa akakohoa, ndiyo alama yetu.

Nikaingia. Alikuwa amekaa, blanketi limefunika magoti, fimbo imelala mapajani kama ya mzee wa baraza anayengoja kesi. Amekonda. Kovu lilikuwa likipanda na kushuka kidogo juu ya sikio, kama pumzi ya mtoto. Nikasimama mbali, uso pembeni, nikaamkia. Akaitikia. Akauliza habari za ng'ombe, za mama mkwe, za mvua. Akauliza mwanawe yuko wapi. Nikamwambia yuko kazini, mzima, na barua yake ilifika wiki iliyopita. Akaitikia kwa kichwa, akakubali kwamba hakuna aliyekufa. Akaanza kula.

Nilingoja mpaka bakuli likafika nusu.

"Baba," nikasema, nikiitazama nguzo ya baraza, "sikujua. Nilidhani ni ugonjwa."

Alitafuna taratibu. "Mimi nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Huyu kijana anayenivalisha suruali? Nimwambie naogopa kuonwa na mke wa mwanangu?" Akameza. "Na wewe ningekwambiaje? Nikwambie usije?"

Kwa kweli hakukuwa na njia. Neno lenyewe lilikuwa ndani ya yale yasiyosemwa baina yetu, na alikuwa ameona bora aanguke kuliko kulisema. Sasa alikuwa amelisema, nami nimelisikia, na mbingu zilikuwa mahali pake. Dresa alijifanya anahesabu bandeji.

Siku ya Jumanne nilifika saa saba kasorobo. Gari la daktari lilikuwa limesimama uani. Kupitia mlango wazi niliona watu wamekizunguka kitanda cha mbali, daktari, karani, na dresa amebeba sinia la dawa. Baba mkwe alikuwa upande huu, peke yake. Nikafungua mdomo niite, nikaufunga.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kusimama. Mimi ni mtu wa sokoni. Mdomo ndio jembe langu. Saa saba ikapita. Wanawake wengine wakanipita na vikapu vyao, wakaingia, wakaamkia watu wao kwa sauti kubwa, na kila sauti ya kike iliyopaa mle ndani nilijua inamfikia. Nilikuwa nasikiliza chuma cha kitanda. Mara moja kikalia. Nikashika nguzo ya geti. Hakikufuatiwa na kishindo. Baadaye dresa aliniambia mzee aliinua kichwa, akatega sikio, akasema, "Bado hajaita," akajilaza tena.

Jua lilikuwa limehama kutoka bega moja kwenda jingine ndipo nikaona dresa ametua sinia. Nikaita mara moja tu.

Wakatoka. Fimbo, mguu, mguu unaoburutwa. Daktari alikuwa anawafuata nyuma mikono mfukoni, anatazama ile miguu, na mimi nilikuwa natazama barabara kana kwamba kuna kitu kinakuja. Kiti kikalia. Nikaingia. Daktari aliuliza kitu, dresa akafungua daftari, akajibu. Akauliza tena. Dresa akanigeukia.

"Anauliza baada ya zile mbili za Ijumaa ameanguka ngapi. Nimesema hakuna. Anauliza na wewe unasemaje."

Ilikuwa mara ya kwanza daktari kuomba hesabu yangu. Nilihesabu kwa vidole nyuma ya kikapu: Sabato, Jumapili, Jumatatu, leo. Nikahesabu tena.

"Hakuna," nikasema.

Daktari alimtazama mzee, akatazama kiti cha karani, akatazama mimi niliyesimama mbali kama mtu asiyehusika. Hakuuliza kiti kimefikaje pale. Alisema neno fupi kwa dresa, akaenda. Dresa akapokea kikapu, akakiweka mapajani pa mzee, akaniambia mikanda itabaki kabatini, na kwamba kesho kiti kitasogezwa mwisho wa baraza, hatua kumi zaidi, kwa kuwa mzee ameonyesha anaweza.

Nikakaa palepale kwenye ngazi, jambo ambalo mkamwana hafanyi mbele ya baba mkwe. Nadhani aliniona. Aligeuza uso wake, akanipa muda. Nilisikia anafungua kikapu mwenyewe kwa mkono ule uliolegea, pole pole, kifuniko kikimponyoka mara mbili kabla hakijakubali. Kisha nikasikia anaonja.

"Ugali umepoa," akasema.

"Umepoa, Baba."

"Na mboga."

"Na mboga pia."

Akala vyote.